ULIZA MWALIMU: Barua za ubongo, likizo ya Agosti

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba kila Agosti huwa nasaidia kufundisha sayansi ya ubongo kwa wanafunzi wa sekondari hapa Nairobi, wiki mbili kwenye ukumbi wa kukodisha. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimejaa, walimu, wazazi, hadi wanafunzi wenyewe. Nimetoa saba. Zingine zilikuwa zinauliza karo, hizo sijibu hapa.

*

Mwalimu, hujambo. Mimi ni wa Bio na Kemia. Agosti hii nimepewa wanafunzi thelathini wa shule tofauti tofauti, kuna wa Gredi 10 na kuna wa Form Four, niwape utangulizi wa ubongo na neva siku kumi, masaa matatu kila asubuhi. Maabara sina, niko na projekta na ubao. Siku ya kwanza nimeshaandaa slaidi 64. Naomba uniambie kama mpangilio uko sawa.
— Mwalimu, Umoja

Mwalimu mwenzangu, sijambo. Hizo slaidi 64 weka kando, na sikuambii hivi kwa ubaya juu hata mimi nimepitia hapo hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na slaidi kama zako, lobu hii, yaani sehemu hii ya ubongo, inaitwa hivi, ile inaitwa vile, kufika saa nne nusu ya darasa walikuwa wameinamia meza. Sasa kijana mmoja akirudi kutoka msalani, amevaa slipasi, akagonga kidole cha mguu kwa benchi ya chuma. Akaruka. Akatulia kidogo, uso umeganda, sisi wote tunamwangalia, halafu ndio sasa akaanza woi woi woi. Msichana aliyekaa mbele akauliza, si mimi akiniuliza, alikuwa anauliza hewa tu, "kwani mbona huwa inauma mara mbili?"

Hakuna aliyekuwa amelala tena.

Tangu siku hiyo nimeanzia kwa kidole cha mguu. Kila mtu darasani amewahi kugonga, na kila mtu anajua kuna ule uchungu wa kwanza mkali kama sindano halafu kunakuja ule mwingine wa kuchoma pole pole unaokaa. Ni neva aina mbili. Moja imefungwa ala ya mafuta, inapeleka habari kama mita 20 kwa sekunde, hiyo ni kilomita 72 kwa saa, mwendo wa matatu inayojaribu kuheshimu ile themanini. Nyingine ni nyembamba, haina ala, inatembea kama mita moja kwa sekunde, hata mama anayetoka Gikomba na mzigo kichwani anaipita. Wape utepe wa fundi wa nguo wapime kutoka kidole cha mguu hadi kichwani, watapata mita moja na nusu hivi, wapige hesabu wenyewe. Ya kwanza inafika chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ya pili inachukua sekunde moja na nusu. Ile sekunde uso wa kijana uliganda ndio hiyo. Halafu waambie kuna neva za kuendesha misuli zinazofika mita 120 kwa sekunde, wafanye hesabu wailinganishe na treni ya SGR.

Umeona vile umeshafundisha ala ya mafuta, unene wa neva, na tofauti ya mwendo, na hujataja jina hata moja la Kilatini? Majina yaje baadaye, yakute kitu mtoto ameshakiona. Jina likitangulia linakaa kichwani kama namba ya simu ya mtu usiyemjua.

Kuna shida nyingine ya lugha ambayo slaidi za kutoka nje hazitakuonya. Sisi tunasema mshipa. Mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, ile kano ya nyuma ya goti mtu atakwambia ni mshipa, na mzee akikwambia "ana mshipa" anamaanisha ngiri. Kwa hiyo mtoto ukimwambia neva ni mshipa, anaona paipu na kuna kitu kinatiririka ndani. Nimekuta wanafunzi wa Form Four, wamesoma mada ya hisia na uratibu yote, reflex arc, ile njia ya neva mtu akishtuka bila kufikiri, wanaichora kama kitabu, lakini ukimuuliza kuna nini ndani ya neva anakwambia damu. Mimi sasa nasema neva, na nyuroni nikimaanisha seli moja, mshipa nawaachia damu. Na siku ya kwanza nauliza swali: unafikiri na nini? Unapenda na nini? Watakwambia kichwa, halafu moyo, kuna mmoja wa Pwani atasema ini, na ako sawa kwa vile mashairi ya zamani yanasema hivyo. Andika yote ubaoni uache yakae siku kumi. Usiyafute.

Rula ya sentimita 30 itakupa asubuhi nzima. Mmoja anaishika juu, mwenzake anaweka vidole chini bila kugusa, inaachiliwa ghafla anaidaka. Ikianguka sentimita 20 kabla hajadaka, hizo ni sekunde 0.2, hesabu ni ile ya fizikia ya kitu kinachoanguka, na wa Form Three watafurahi kuona fizikia imetoka kwa karatasi ya mtihani. Sasa wafumbe macho, mshika rula awaguse bega akiachilia. Halafu sauti, aseme "sasa". Wengi watadaka haraka kushinda walipotumia macho, na hapo utaulizwa kwa nini, usijibu mbio. Wewe piga hesabu nao ya basi linalokimbia kilomita 80 kwa saa, kwa sekunde 0.2 limeshasonga zaidi ya mita nne na dereva hajagusa breki. Tena kudaka rula ni kazi rahisi kushinda kuona mtoto akikatiza barabara.

Siku ya sinapsi, pale nyuroni moja inapopitishia nyingine habari, nenda sokoni ununue maharagwe mekundu nusu kilo na njahi nusu kilo. Wanafunzi wasimame safu, kila mmoja ni nyuroni, mkono wa kushoto unapokea, wa kulia unarusha. Sheria ni hii: haragwe jekundu linachochea, njahi inazima. Ukipata mekundu matatu unarusha kwa jirani, lakini kila njahi inakula jekundu moja. Anza na mekundu peke yake, darasa litalipuka, kila mtu anarusha, maharagwe mpaka kwa dirisha. Ingiza njahi, wanatulia. Ukiwaambia ubongo usio na breki ya kutosha ndio unaingia kwenye kifafa wataelewa bila mchoro. Halafu wasimulie Otto Loewi, mwanasayansi aliyekuwa anafundisha Austria, mwaka 1921 aliota jaribio usiku, akaandika kwa kikaratasi, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe, usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii akaenda maabara moja kwa moja. Moyo wa chura mmoja akauchochea neva ukapunguza mwendo, maji yaliyouzunguka akayamimina kwa moyo wa chura wa pili, nao ukapunguza. Kumbe neva inatoa kemikali. Alipata Nobel mwaka 1936. Wanafunzi hupenda ile ya kushindwa kusoma mwandiko wake kushinda Nobel yenyewe, na mimi pia.

Siku zilizobaki utazijaza. Lobu na majina weka siku ya tano, saa moja tu inatosha. Lile zoezi la rangi usiliache, neno NYEKUNDU limeandikwa kwa kalamu ya kijani na unatakiwa kutaja rangi ya wino, Stroop, mwanasaikolojia, aliliandika mwaka 1935, sisi huwa tunalifanya karatasi moja Kiingereza na nyingine Kiswahili. Wangu wengi waliteleza zaidi kwa Kiingereza, halafu mmoja aliyekulia Lamu akateleza zaidi kwa Kiswahili, wakabishana kwa nini hadi chai ikapoa.

*

Salamu mwalimu. Nataka wanafunzi waone ubongo wenyewe sio picha, lakini bucha ya kwetu wananipa kichwa cha mbuzi kimepasuliwa na shoka, ubongo umekuwa uji. Pia darasani niko na Waislamu, kuna wawili hawali nyama kabisa, na msichana mmoja ameshasema atatapika. Niache tu?
— Mwalimu, Githurai

Usiache. Ila usinunue kwa bucha ya mtaani, hapo wanapasua kwa ajili ya supu na hawana makosa. Rauka uende Kiamaiko, kule wanachinja mbuzi, mapema, na usitafute muuza nyama, tafuta mtu wa vichwa. Mwambie hutaki shoka, unataka akate na msumeno kuzunguka juu ya macho kama mtu anayefungua mfuniko wa sufuria. Atakuangalia vibaya. Mwongeze kitu kidogo. Mara ya kwanza yule wangu aliniuliza kama mimi ni mganga, siku hizi akiniona Agosti anaita wenzake, "mwalimu wa akili amefika."

Ubongo mbichi ni laini, kama avokado iliyoiva ikapitiliza, ukiubana unapotea. Kwa hiyo ukifika nyumbani uzamishe kwa surgical spirit ya kemisti kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, siku nne tano hivi, unakazika. Usigandishe kwa friza, barafu inaupasua ndani. Na formalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti, achana nayo, ule mvuke kwenye ukumbi wa kukodisha wenye madirisha mawili utaumiza watoto. Siku yenyewe suuza kwa maji, madirisha wazi, glavu, magazeti mezani, na chai inanywewa nje.

Ubongo mmoja kwa wanafunzi wanne. Waache kwanza waushike dakika kumi bila kisu. Watashangaa ni mdogo, unatoshea kiganjani, na watashangaa kuna ngozi juu yake, ngumu, inabidi kuivuta na kucha. Wageuze chini juu. Hapo mbele wataona nyuzi mbili nene nyeupe zinakutana zinafanya herufi X, wengi watakwambia ni mshipa wa damu (nilikwambia neno hili litatusumbua). Zinatoka kwa macho, zinavuka, nyingi za jicho la kulia zinaenda kushoto. Nyuma kuna ka ubongo kadogo kama koliflawa, kakikatwa katikati ndani kuna mchoro wa mti wenye matawi, wataalamu wa zamani waliuita mti wa uhai.

Halafu kisu kirefu, usibonyeze, vuta. Kata ubongo mkubwa katikati uwaonyeshe nje ni kijivu na ndani ni nyeupe. Nyeupe ni mafuta. Ni ile ala ya kidole cha mguu, sasa wanaiona kwa macho. Hapo mimi huwa nanyamaza dakika nzima, sina cha kuongeza.

Kuhusu imani, ukichukua kwa mchinjaji Mwislamu Waislamu wako hawatakuwa na neno, nguruwe usimlete hata kwa masihara. Wasiokula nyama na yule wa kutapika usiwalazimishe na usiwafanye wajielezee mbele ya wenzao. Kazi ya kuchora na kuandika vipimo ipo, na ni kazi ya kweli. Wangu mmoja alikaa mlangoni siku nzima mkono puani, mchoro wake ndio tulioutumia mwaka uliofuata.

*

Mwalimu mimi ni mzazi. Binti yangu yuko Form Three, Hesabu inamlemea, na wewe unataka likizo asome ubongo. Hii si tuition kwa jina lingine? Na kuna kikaratasi kingine nimepewa stejini kinasema watoto wanatumia asilimia 10 tu ya ubongo, ukilipa elfu kumi na mbili wanafunguliwa ile 90. Nimpeleke wapi?
— Mama wa watatu, Kasarani

Mama, hiyo elfu kumi na mbili weka mfukoni. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote mtu akiwa ametulia. Sasa mwili gani utalipia stima ya vyumba tisa ambavyo hakuna mtu anaishi? Tena umewahi kuona mtu aliyepata kiharusi, kadonge kadogo ka damu kamekwama na mkono mzima umelala. Kama 90 ingekuwa haina kazi, kiharusi kingi kingepita bila mtu kujua.

Tuition ya likizo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na mimi nikiona programu ya ubongo inamaliza silabasi ya muhula wa tatu kisiri siri naondoka. Hesabu sikudanganyi, siku kumi za ubongo hazitainua gredi yake. Atapiga hesabu za mwendo, za wastani, za grafu, bila kugundua ni Hesabu, labda aache kuiogopa kidogo. Mpe achague mwenyewe. Akisema anataka kulala likizo hii mwache alale, na hiyo inanileta kwa barua inayofuata.

*

Sasa mwalimu. Niko boarding Form Three. Preps zinaisha saa nne usiku, mimi naendelea kusoma na tochi hadi saa sita, kengele ni saa kumi na nusu alfajiri. Rafiki yangu anasema ubongo unasoma ukiwa umelala, ni ukweli ama anatafuta kisingizio?
— Tochi, Murang'a

Kijana wangu, rafiki yako anatafuta kisingizio na pia anasema ukweli. Ukilala, sehemu inayoitwa hipokampasi inarudia rudia mambo ya mchana na kuyapeleka kuhifadhiwa kwingine. Ukimnyima mtu usingizi baada ya kusoma, kesho yake anakumbuka kidogo. Hauwezi kujifunza kitu kipya kutoka kwa redio ukiwa unakoroma, hiyo usijaribu.

Hesabu yako ni masaa manne na nusu. Wa umri wako wanashauriwa 8 hadi 10. Tena mwili wa kijana saa yake ya ndani inasogea mbele, homoni ya usingizi inachelewa kutoka, ndio maana saa nne usiku uko macho na saa kumi na moja alfajiri uko kama maiti. Si uvivu. Kengele siwezi kukubadilishia, na hili nawaambia walimu wakuu wanaosoma ukurasa huu, kengele ya saa kumi na nusu inaamsha miili tu. Lakini tochi ni yako. Izime saa nne na nusu, na badala ya kusoma ukurasa ule ule mara tano, funga kitabu ujiulize maswali, kesho kutwa ujiulize tena yale yale.

Kama unataka kujionea kumbukumbu si kitu kimoja, chora nyota kwenye karatasi halafu ifuatishe kwa penseli ukiangalia kioo tu, mkono umefunikwa. Utaaibika. Rudia kila siku wiki moja utaona mkono umejua. Kuna Mmarekani, Henry Molaison, mwaka 1953 alipasuliwa kwa sababu ya kifafa wakamtoa hipokampasi sehemu kubwa pande zote mbili, tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya, daktari anatoka chumbani akirudi ni mgeni. Alipewa hiyo nyota. Kila siku alisema hajawahi kuiona, na kila siku alikuwa anachora vizuri kushinda jana.

*

Mwalimu mimi niko chuo, najitolea kufundisha kwa programu kama yenu. Nikitafuta historia ya ubongo hapa Kenya nikakutana na zile makala za wakoloni za kupima ubongo wa Mwafrika. Mwenzangu anasema tusiwaonyeshe watoto, itawavunja moyo. Wewe huwa unafanyaje?
— Mwanachuo, Juja

Nawaonyesha. Siku ya saba, baada ya mbuzi, sio kabla.

Kwa wasomaji wengine: mwaka 1934 F. W. Vint, daktari wa maabara hapa hapa Nairobi, alichapisha makala kuhusu ubongo wa "mwenyeji wa Kenya", alipima uzito, akapima na unene wa ile sehemu ya kijivu, akalinganisha na Wazungu, na unaweza kukisia alimpata nani ako nyuma. Akaja Carothers aliyekuwa akisimamia hospitali ya akili ya Mathari, mwaka 1953 WHO ikamchapishia kwamba Mwafrika anatumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata huyo huyo ndiye aliyeandikia serikali kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wanadai ardhi, wanapewa ripoti ya kichwa. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa akili, alimjibu mwaka 1961.

Sasa mimi huwa siwaambii watoto ni uongo. Nawapa dai, nawaambia mko na siku sita za sayansi, uliza maswali. Na wanauliza! Waliopimwa walikuwa nani? Walikuwa wakubwa kwa umbo kiasi gani? Walikuwa wanakula nini, walikufa na ugonjwa gani, ubongo ulikaa muda gani kabla ya mizani? Wale Wazungu walipimwa na nani, mizani ile ile? Msichana mmoja wa Gredi 10 aliuliza mpimaji alikuwa anajua ni ubongo wa nani wakati anapima, na hilo swali moja tu lilinifanya nione nimelipwa mwaka mzima.

Halafu ongeza ndovu. Ubongo wa ndovu ni zaidi ya kilo nne, wetu ni kilo 1.3 au 1.4. Kama uzito ndio akili basi ndovu wa Amboseli wangekuwa wanatukatia tiketi sisi. Suzana Herculano-Houzel, Mbrazili, aliona watu wanarudia rudia kwamba tuna nyuroni bilioni 100 na hakuna mtu amehesabu, akayeyusha ubongo ukawa mchuzi, akauchanganya sawasawa, akahesabu viini vya seli kwa tone. Wetu ukatoka na bilioni 86 hivi, mwaka 2009. Ndovu anatushinda, bilioni 257, lakini karibu zote ziko kwa kale ka koliflawa ka nyuma. Nikifika kwa "mchuzi" darasa linaamka hata wale wa nyuma.

Ukipata nauli wapeleke Makumbusho ya Taifa. Kuna yule mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa kale sana, aliyeonwa mara ya kwanza na Kamoya Kimeu mwaka 1984, miaka kama milioni 1.5. Beba chupa mbili za maji, moja weka mililita 880, hiyo ndiyo nafasi ya ubongo wake, nyingine 1,350, hiyo ni ya mtu wa leo kwa wastani. Wazishike mkononi wakiwa wamesimama mbele yake. Kwa mlango mwambie askari mapema kwamba maji si ya kunywa, sisi tulinyang'anywa.

*

Mwalimu naomba msaada wa haraka. Mwanafunzi mmoja wa programu ako na kifafa, siku ya tatu alianguka, wenzake walikimbia, mmoja akaja na kijiko amwekee mdomoni, sasa hakuna anayetaka kukaa naye meza moja wakisema povu inaambukiza.
— Mwalimu, Dandora

Pole sana, na mpe pole yule kijana. Kwanza kijiko: hapana, wala kitambaa, wala kidole, kitavunja meno au kimkabe. Akianguka ondoa vitu vya kumgonga, weka sweta chini ya kichwa, mlaze kwa ubavu, legeza tai, angalia saa. Usimshikilie. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, hospitali mara moja. Akiamka usimpe maji hadi awe na akili timamu, na mtu mmoja akae naye, sio thelathini wamezunguka.

Povu ni mate. Hayaambukizi mtu kifafa. Ongea naye pembeni na mzazi wake pia, mkikubaliana ndio ufundishe darasa, bila kumtaja. Rudisha maharagwe na njahi, punguza njahi, waone safu inavyolipuka. Waambie kifafa kina sababu nyingi, jeraha la kichwa, shida ya kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, ambayo watafiti wa KEMRI-Wellcome kule Kilifi wameisoma kwa miaka mingi kwa watoto, na mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia kwa chakula kisichooshwa. Na kwamba wengi wakimeza dawa bila kuruka siku wanakaa bila kuanguka. Wewe kesho kaa meza yake, hiyo itafanya kazi kushinda lekcha yangu.

*

Ubongo wa mbuzi mkishamaliza mnaupeleka wapi? Wangu wanauliza kama wanaweza kuukaanga na vitunguu.
— Mwalimu, Rongai

Umekaa kwa spirit siku tano, umeshikwa na mikono minane. Hapana. Funga kwa karatasi mbili, fukia shimo refu kama unayo shamba, au mwombe mtu wa vichwa akutupie na mabaki yake. Na angalia paka wa ukumbi, wetu aliondoka na nusu ya serebela, kale ka koliflawa, tukiwa tunanawa mikono, tukamkimbiza hadi kwa geti. Kama wanataka wa kukaanga mwambie yule yule wa Kiamaiko akukatie mwingine.